UNATAKA GARI LILALE? PAKIA MAHARAGE KWANZA!

Leo naongea na nyie washkaji wenye magari ya spoti ya zamani, yale ambayo yakikata mtaa jioni pale Kasulu mjini hata muuza vocha anasahau chenji. Naongea pia na nyie ambao bado mnakusanya mshiko, maana ugonjwa wenyewe naujua: gari halijamaliza hata miezi miwili toka lishuke Dar, mtu ameshaanza kuota namna ya kulilaza chini.

Siwalaumu. Gari likishuka kidogo linapendeza, hilo halina ubishi. Tairi linajaa vizuri kwenye madigadi, bampa linaisogelea lami, na kwenye kona gari linatulia badala ya kuinama ubavu. Tatizo ni kwamba sisi hatukai Tokyo. Tunakaa Kasulu na Kibondo, nyanda za juu za Kigoma, ambako mvua ikianza mwishoni mwa mwaka inakuaga mwezi wa nne au wa tano, na ambako wenzako wenye Noah na Probox wanatafuta fundi wa kuwafungia spesa ili magari yao YAINUKE.

Sasa kaa kitako nikupe kisa. Mwisho wa kisa kuna somo, na somo lenyewe halikugharimu hata senti tano.

GRAINDA NA NUSU SAA TU

Nina mshikaji wangu mmoja, jina naliweka kapuni kwa sababu bado tunakula sahani moja. Jamaa alijichanga, akajinyima, akanunua Altezza ya mkono wa pili. Kwa wasioijua, Altezza ni Toyota iliyoanza kuuzwa Japani Oktoba 1998 na kuacha kutengenezwa mwaka 2005. Huko Ulaya na Marekani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Inasukumwa na matairi ya nyuma, na ile RS200 ina injini ya silinda 4 ya lita 2 inayowatoa watu udenda mpaka leo. Kwa kifupi, ni gari la brazameni.

Wiki ya tatu tu jamaa akanijia kijiweni, macho yanang'aa.

"Mwanangu, nimepata mtu. Anakata springi zote 4 kwa hela ya soda!"

"Fundi wa wapi?"

"Siyo fundi fundi. Ana grainda."

Nilicheka, yeye hakucheka. Jioni ile ile springi zikatolewa, zikakatwa mizunguko miwili kila moja, zikarudishwa. Nusu saa kwa kila upande. Asubuhi Altezza ikatokea mtaani imelala kama chui anayevizia mbuzi. Aisee, ilipendeza! Watoto waliikimbilia, masistaduu waligeuka, na jamaa akawa haendeshi tena, anatambaa, mkono mmoja nje ya dirisha.

Raha ile ilidumu wiki tano.

USIKU WA SIMU

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua imeshiba. Saa tatu usiku simu ikaita. Mama yake, anayeishi kijijini pembeni ya njia ya kwenda Kibondo, amezidiwa. Presha imepanda, hasimami vizuri. Mdogo wake anasema: "Kaka, njoo na gari tumpeleke hospitali Kibondo."

Jamaa alinipitia, tukaondoka. Kwenye lami tulikwenda vizuri, ingawa kila tulipopita juu ya tuta chini ya gari kulisikika mkwaruzo kama mtu anakwangua sufuria. Kasheshe lilianza tulipochepuka kuingia njia ya kijijini. Maji ya mvua yalikuwa yamechimba mfereji katikati, pembeni mawe yamebaki wazi. Zilibaki kama kilomita mbili tu kufika nyumbani.

Tulisikia mlio mmoja. Kaa! Halafu harufu ya oili.

Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, lilikuwa limepasuliwa na jiwe. Jamaa kwa kuwaza mama akakanyaga mafuta kusonga mbele. Taa nyekundu ya oili ikawaka, akaipuuza. Kabla hatujamaliza hata nusu kilomita injini ikanoki, ikazima.

Unajua nani alimfikisha mama hospitali? Bodaboda. Kijana wa pale pale kijijini, pikipiki yake haina hata saiti mira, alimpakia mama, mdogo mtu akakaa nyuma kumshikilia, wakapita pembeni yetu taratibu kwenye matope. Mama alimwangalia mwanaye kasimama kando ya gari lake na tochi ya simu. Hakusema kitu.

Mama alipona, tumshukuru Mungu. Lakini mshikaji wangu aliniambia baadaye: "Angenitukana ingekuwa nafuu."

SPRINGI UKIIKATA INAKUWAJE?

Kesho yake Altezza ilivutwa na Land Cruiser mpaka gereji moja Kibondo. Fundi wa pale ni mzee wa makamo, kazi yake ameianza na magari ya mashirika yaliyokuwa yakihudumia wakimbizi toka miaka ya 1990. Barabara za huku anazijua kama kiganja chake.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba wanangu. Nani kaikata hii?"

Kimya.

Mzee alitoa springi moja, akaiweka mezani, akatupa darasa. Nakupa kama alivyotupa.

Kwanza, springi ukiipunguza mizunguko haiwi fupi tu, inakuwa NGUMU. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ukikata mmoja, ugumu unaongezeka kwa asilimia 20. Ukikata miwili, unaongezeka kwa asilimia 50. Shokapu yako ilitengenezwa kutuliza springi laini ya kiwandani, hii ngumu haiwezi. Matokeo yake gari linarukaruka, na tairi likiruka halishiki barabara. Hapo breki na usukani vinabaki mapambo.

Pili, safari ya springi inapungua. Pale ambapo gari lilikuwa na nafasi ya kuzama kwenye shimo, sasa linafika mwisho mapema na kugonga ile raba ya kizuizi. Kila shimo ni nyundo. Nyundo hiyo inapiga shokapu, inapiga bushi, inapiga boljointi, mwisho inapiga bodi.

Tatu, springi fupi mno inalegea gari likinyanyuka. Ukiinua gari kwa jeki ukakuta springi inacheza kwa mkono, ujue kwenye tuta kubwa inaweza kuhama kwenye kikalio chake. Halafu springi nyingi ncha yake imefinyangwa ili ikae sawasawa kwenye kikalio. Ukikata ncha hiyo, inakaa kwa kubahatisha.

Nne, na hapa mzee alipandisha sauti, USICHOME SPRINGI KWA GESI. Kuna wanaoipasha moto mpaka gari linashuka lenyewe. Chuma cha springi kilipikwa kiwandani ili kiwe na ugumu na mnepo wake. Ukikichoma unaharibu upishi huo. Upande mmoja unashuka zaidi ya mwingine, na siku moja springi inakatika ukiwa mwendo kasi.

"Grainda ni mbaya," alisema mzee, "ila gesi ni mbaya zaidi."

BARABARA YETU TUNAIJUA

Najua kuna anayesema: "Hayo ya zamani bwana, siku hizi kuna lami." Ni kweli mambo yamebadilika. Zamani safari ya Kasulu hadi Kibondo wakati wa mvua ulikuwa unabeba na shuka, kwa sababu hujui utalala wapi. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipitisha mkopo wa barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260 hivi, iliyogawanywa vipande 4: Kasulu hadi Manyovu, Kanyani hadi Mvugwe, Mvugwe hadi Nduta, na Nduta hadi Kabingo. Lami hiyo imewapa vijana wengi wa huku hamu ya magari ya chini.

Lakini jiulize, nyumbani kwenu ni barabarani? Shambani ni barabarani? Msibani utakwenda kwa lami mpaka mlangoni? Barabara kuu ni uti wa mgongo, ila maisha yetu yako kwenye mbavu, kwenye zile njia za udongo mwekundu. Na hata lami yenyewe ina matuta. Kila penye shule, soko au kituo kuna tuta, na tuta la Bongo halina huruma na bampa la Japani.

JARIBIO LA GUNIA

Sasa nakuja kwenye lile somo la bure. Mzee alimuuliza mshikaji wangu swali moja: "Kabla ya kukata, ulijaribu kupakia?"

Alikuwa na maana hii. Gari lolote ukilipakia mzigo linashuka. Basi kabla hujakata wala kununua chochote, lishushe kwa mzigo, uishi nalo siku kadhaa, uone linagonga wapi.

Usidhani ni ushamba. Kule California, Marekani, vijana wenye asili ya Mexico walioanzisha mtindo wa kushusha magari miaka ya 1940 walikuwa wanapakia mifuko ya mchanga kwenye buti ili gari lilale. Mtindo ulipokolea, jimbo likaweka sheria iliyoanza 1958: ni marufuku sehemu yoyote ya gari kuwa chini ya ukingo wa chini wa rimu. Mwaka 1959 jamaa mmoja aitwaye Ron Aguirre akafunga pampu za haidroliki kwenye Corvette yake: raha zikianza analishusha, askari akitokea analiinua. Marufuku ile ilikuja kuondolewa kuanzia Januari 2024. Kwa hiyo gunia ndiyo babu wa fani yenyewe!

Sisi hatuna haja ya mchanga. Huku kwetu maharage yapo. Fanya hivi:

Simamisha gari tupu mahali pa tambarare. Pima kutoka katikati ya rimu, wima, mpaka ukingo wa madigadi. Fanya hivyo kwa matairi yote 4, andika. Usipime kutoka ardhini peke yake, maana upepo wa tairi utakudanganya.

Pakia washkaji wanne pamoja na dereva, na gunia mbili za kilo 50 kwenye buti. Usizidishe uzito ulioruhusiwa na kiwanda. Pima tena. Kama vipimo vimepungua kwa milimita 30 hivi, hapo ndipo gari lako litakapokaa ukilishusha kwa zaidi kidogo ya inchi moja. Kama nyuma imezama sana kuliko mbele, hamisha gunia moja litoke kwenye buti.

Sasa endesha, polepole. Usiende kuuza sura mjini tu. Pita njia ya kwenu, njia ya shambani kwa bibi, yale matuta ya kwenda Kibondo. Kila linapogonga, simama, chungulia, andika ni sampo, ni ekzosi au ni bampa. Jaribio hili halilingani kwa kila kitu na springi fupi, kwa sababu springi fupi nzuri huwa ngumu kidogo. Lakini sampo yako itakuambia ukweli.

Na kama linagonga kila mahali, umepata jibu bila kukata kitu. Shusha maharage, kapike, kula. Gari lako bado zima.

MSHIKO MDOGO UANZIE WAPI?

Tuseme jaribio limekubali. Gari linapita, unataka kushusha, na hela ni ya kuungaunga. Mzee wa Kibondo alitupangia foleni ya matumizi, na ukiruka foleni utarudi mwanzo.

La kwanza ni BUSHI NA BOLJOINTI. Altezza changa kuliko zote sasa ina miaka 20 hivi. Raba zake zimechoka. Kushusha gari lenye bushi zilizokufa ni kumvalisha suti mtu mwenye kidonda. Mwambie fundi ainue gari, atikise kila tairi juu na chini, kushoto na kulia, abane kila kiungo kwa wenzo aone kinachocheza. Badilisha vibovu kwanza. Mara nyingi gari likishapona hapo linatulia vizuri hadi hamu ya kulilaza inapungua yenyewe.

La pili ni SHOKAPU. Kandamiza kona moja ya gari kwa nguvu, achia. Likipanda na kutulia, sawa. Likiendelea kucheza rusha roho, shokapu imekufa. Pia angalia kama inavuja oili. Badilisha kwa jozi, mbele zote mbili au nyuma zote mbili.

La tatu ndiyo SPRINGI. Tafuta springi fupi zilizotengenezwa kiwandani kwa ajili ya gari lako lenyewe, za kushusha milimita 25 hadi 30. Makampuni ya Japani kama Tanabe, RS-R na Tein yanazitengeneza. Mpya bei yake inauma, lakini za mtumba huwa zinaonekana Dar kwenye maduka ya spea ya Ilala na Gerezani, na mzigo unakuja kwa basi. Kagua kutu, nyufa na ncha zote mbili. Ukiona alama ya grainda, rudisha, hiyo imeshakatwa na mjanja mwenzako.

La nne ni ALAIMENTI. Hapa ndipo wengi wanabana hela, halafu wanalipa kwa matairi. Altezza ina mikono miwili ya kushikilia kila tairi, mmoja juu na mmoja chini, mbele na nyuma. Gari likishuka mikono hiyo inabadili pembe, tairi linainamia ndani. Usipopangisha, matairi yataliwa upande wa ndani kama hindi bichi, na wewe ukitazama kwa nje unaona bado mapya.

Ukikosa hela ya hatua zote nne, ishia pale ilipofikia. Gari lenye bushi mpya na springi za asili ni gari. Gari lenye springi zilizokatwa na bushi mbovu ni jeneza lenye redio.

Na ZILE SPRINGI ZA ASILI USIUZE! Weka chini ya kitanda. Siku ukihama, siku ukiuza gari, siku mvua ikizidi, zitakuokoa.

USIJITIE UFUNDI

Angalizo kwa wanaopenda kujifanyia wenyewe uani. Springi iliyo ndani ya gari imekandamizwa. Ukifungua nati ya juu bila vile vibano vyake maalumu, inaruka kama risasi, na haichagui jicho wala taya. Halafu usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki tupu, wala usipange mawe. Weka stendi za chuma mahali pagumu. Udongo wetu mwekundu ukilowa, jeki inazama huku unaangalia.

Ukimaliza, pima tena zile namba zako 4. Kata kona mpaka mwisho kila upande usikilize kama tairi linasugua madigadi. Rekebisha taa za mbele, maana gari likishuka upande mmoja zinaangaza mtaroni au kwenye macho ya wenzako. Baada ya kilomita 100 hivi rudi kwa fundi akakaze nati zote. Na kama gari lina bima kubwa, waambie wenye bima ulichobadilisha, usingoje ajali ndiyo mjuane. Trafiki naye anayo haki ya kukusimamisha kwa gari bovu, na springi iliyokatwa na grainda haina utetezi.

SPOTI SI LAZIMA ILALE

Nimalize na hili, maana kuna watu wanaamini gari likiwa juu si la spoti. Kaka, Toyota Celica ilishinda Safari Rally mwaka 1990, kisha 1992, 1993, 1994 na 1995. Datsun 240Z, gari zuri kuliko mengi ya siku hizi, ilishinda 1971 na 1973. Hakuna hata moja iliyoshinda ikiwa imelala. Ziliinuliwa, zikafungwa bamba la chuma chini ya injini, zikala vumbi na matope ya Afrika Mashariki mbele ya dunia nzima. Huo ndio uspoti wa barabara zetu.

Mshikaji wangu? Alikaa miezi minne bila gari, akichanga hela ya injini ya mtumba. Safari hii alifuata foleni: bushi, shokapu, halafu springi za Japani za mtumba, inchi moja tu. Na kabla ya springi alipakia maharage, nikiwemo mimi kwenye siti ya nyuma nimebanwa kama dagaa. Altezza sasa hailali kama chui. Imekaa kama mtu mwenye heshima zake.

Mwezi uliopita alikwenda kumchukua mama kijijini kumleta kliniki Kibondo. Pale penye lile jiwe alisimama, akashuka, akachungulia, akapita taratibu. Halikugusa.

Mama alikaa kimya mpaka walipofika kwenye lami. Ndipo akasema: "Leo gari lako limekua, mwanangu."

Tukutane wiki ijayo. Endesha pole, na gunia usilirudishe ghalani kabla hujapima!